Unyayo wa Akala Kwenye Ukuta wa Sebule

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kabla mwezi huu haujaisha, kwa sababu kuna lori linakuja kubomoa nyumba yangu na kuibeba, na aliyeliita ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Sindo, kibanda changu kiko karibu na soko, na akina mama wengi unaowaona wamependeza kanisani siku ya Sabato wamevaa mishono yangu. Naitwa Bochaberi, na jina langu usilifiche, maana hapa kila mtu ameshazijua habari zangu na wengine wanazijua kuliko mimi. Nilizaliwa Migori kwa wazazi Wakisii waliohamia huko kuuza ndizi, nikaolewa huku ziwani na Mjaluo mmoja anaitwa Cephas, dereva wa lori la samaki, mtu mpole ambaye tangu anioe hajawahi kunipandishia sauti, na ndiyo maana kimya chake cha siku hizi kinaniuma kuliko matusi.

Mambo yalianza na mvua ya El Nino. Tulikuwa bado tunaishi katika boma la baba mkwe, kwenye nyumba ya udongo niliyoingia nikiwa bibi harusi, na mvua ile ikaila nyumba upande mmoja, halafu upande wa pili, mpaka tukawa tunahamisha kitanda kila ukuta ukilainika. Wazee wakasema basi, Cephas amekomaa, atoke akafungue dala, yaani boma lake mwenyewe. Sasa mshauri, kama umekaa na Wajaluo utajua dala halifunguliwi ovyo, mnakwenda asubuhi na jogoo na shoka na moto, nyumba inasimama siku hiyohiyo, moto unawashwa ndani siku hiyohiyo, na mume na mke wanalala humo siku hiyohiyo, na jua likizama kabla paa halijakaa watu wanaanza kutazamana.

Zamani hilo halikuwa neno. Mama mkwe wangu, Truphena, hunisimulia jinsi yeye alivyofunguliwa dala lake, kijiji kizima kilikuja, wanaume na fito zao, wanawake na mitungi ya maji na matita ya nyasi, udongo ukakanyagwa kwa miguu na nyimbo, na mpaka ng'ombe wanarudi zizini moshi ulikuwa unatoka juu ya nyasi. Siku hizi utamwita nani? Vijana wako ufuoni wanangoja samaki wa mbuta, wazee wanaumwa magoti, na akina mama tuko sokoni. Kwa hiyo tulipopata habari kwamba Migori kuna karakana inaunda nyumba za mbao tayari, kuta zinatengenezwa huko, zinapakiwa kwenye lori, zinakuja kuunganishwa nyumbani kwako kwa siku moja, tuliona ni Mungu ametukumbuka.

Tulikwenda, Cephas na mimi. Muuzaji wao, kijana mmoja anaitwa Elvis mwenye mdomo wa asali, alitushika mkono akatuambia, "Mathe, nyinyi watu wa ziwa shida yenu naijua. Mnataka nyumba ya siku moja, sisi ndio tuko nayo. Jua ikilala, na nyinyi mnalala." Akatuingiza kwenye nyumba ya mfano iliyosimama pale uani, rangi ya maziwa, kuta laini, vioo vinang'aa, na mimi kwa ufundi wangu nikapitisha kiganja ukutani kama ninavyopima kitambaa dukani, hakikukwama mahali. Nikamwambia Cephas ndiyo hii. Tukalipa pesa ya mazao na ya samaki na ya cherehani, tukarudi nyumbani tukiwa kama watoto.

Siku yenyewe lori lilikwama kwenye tope upande wa Magunga, likatufikia alasiri imeshaingia, na manyunyu yameanza. Mbao zilikuwa chini ya turubai, mafundi wakawa wanazitoa na kupigilia hapohapo, huku mama mkwe amesimama na moto kwenye kigae, ameukinga kwa mkono, anapiga kelele, "Harakisheni! Jua inaenda! Mnataka mtoto yangu alale wapi?" Nani angekagua ukuta, mshauri? Nani angethubutu kusema ngojeni kwanza nitazame rangi? Bati la mwisho lilipigiliwa mwanga ukiwa umebaki kidogo tu, Elvis akamwekea Cephas karatasi ya kupokea nyumba kwenye boneti ya lori, Cephas akatia sahihi bila kusoma, nikaingia na moto, nikawasha, tukalala.

Asubuhi nikafungua dirisha, mwanga ukaingia, nikapiga yowe.

Kwenye ukuta wa sebule, mahali ambapo mgeni akikaa ndipo macho yake yanapoanguka, kuna unyayo. Unyayo wa mguu wa kushoto, mkubwa, wa kiatu cha akala, na mistari yote ya tairi imekaa ndani ya rangi, kisigino chini, vidole vinaelekea kwenye paa, kama mtu aliyekuwa anapanda ukuta kwa miguu kwenda kulala darini. Nje nako, ubao mmoja wa mbele una rangi ya maziwa na mwenzake una rangi ya uji. Mimi nashona, mshauri, siwezi kukata gauni moja kwenye majora mawili, na sasa naishi ndani ya gauni la namna hiyo.

Nilitundika kalenda. Wageni wakawa wanakuja, wanakunywa chai, halafu wanainua kalenda wachungulie. Rafiki yangu Damaris wa kikundi chetu aliuliza mbele ya watu wote, "Bochaberi, huyu mgeni wako alipanda mpaka wapi?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi nilicheka pia, lakini maneno yale yalitoka nje ya mlango yakatembea. Madereva wenzake Cephas wakamwambia nyumba yake iliingiliwa kabla yake. Kwa watu wa hapa, mguu wa kwanza kwenye dala mpya ni jambo kubwa, unatakiwa uwe wa mwenye dala, na sasa kuna mguu wa mtu tusiyemjua uko ukutani kabla ya wa mume wangu. Cephas akirudi safari anakula nje, sahani magotini, ameupa mlango mgongo. Nilipomuuliza alisema, "Mama Ken, mimi siwezi kula nikiangalia mguu ya mwanaume mwingine."

Nikarudi Migori. Elvis akacheka, "Hiyo ni mambo ya finishing tu, mathe. Mvua inaingia? Haiingii. Nyumba iko sawa." Akanipa kopo la rangi iliyobaki nusu. Nikapaka, na ile mistari ya tairi ikazidi kutokeza, jua la alasiri likipita dirishani unyayo unaonekana kama umepigwa chapa jana. Nikarudi tena, na safari hii nililia na kupayuka mbele ya wateja, mpaka mwenye karakana mwenyewe, Bwana Gisiri, akatoka ofisini. Akasema, "Mama, sitaki maneno mingi hapa. Kutuma fundi Sindo kwa sababu ya ubao moja siwezi. Mwisho wa mwezi lori inakuja, inabeba nyumba yote, nakuletea ingine safi. Lakini hii kelele uache." Nikamshukuru kwa mikono miwili. Nikarudi nikiimba.

Nilimkuta mama mkwe anachambua omena, wale dagaa wa ziwani. Nikamweleza. Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Akasema, "Nyathina, en kwer." Yaani mwanangu, hiyo ni kwer, na kwer ni mwiko, mshauri, na alisema kwa sauti ya chini, yeye ambaye hasemi kwa sauti ya chini. "Nyumba ya mwanamke mwenye bado anapumua haivunjwi. Umewasha moto ndani, umelala ndani, hiyo ni wewe. Lori ikivunja, mimi nitakulilia kama maiti, na chakula yako sitakula tena. Mtu amekufa hapiki."

Mimi sikujua. Kwetu nilikolelewa nyumba zilibomolewa na kujengwa. Nilimwuliza mzee wa kanisa letu, akasema Mungu hakai kwenye mbao, mila ni mila, lakini yeye haishi na mama mkwe wangu. Na huyu mama nampenda, tangu mama yangu Gesare afariki ndiye mama niliye naye.

Nitakwambia ukweli, mshauri, mara nyingine nakaa peke yangu natazama ule mguu nakumbuka nyumba ya mama yangu kule Migori. Kila Krismasi ikikaribia tulikuwa tunaikandika upya, mimi na dada zangu, mikono imezama kwenye udongo na mavi ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko, chini majivu meusi, katikati udongo mwekundu wa kichuguu, juu mweupe tuliochimba mtoni, na mama anapita nyuma yetu na kitambaa anasema, "Hapa pana mashimo, mlikuwa mnaota?" Nyumba ilinuka mvua kwa wiki nzima. Ukuta ukipasuka hatukumwuliza mtu haki yetu, tulichota udongo tukapaka, na jioni tukasahau. Nimeikumbuka harufu ile hadi nimelia juu ya cherehani. Niliitaka nyumba ya rangi ya maziwa maisha yangu yote, na sasa ninayo, na hakuna anayetaka kukaa ndani yake.

Niambie, mpendwa mshauri. Je, sheria inanipa haki gani kwa nyumba mpya isiyovuja lakini yenye aibu usoni? Nimwache Gisiri abomoe nimpate mume wangu nimkose mama, au nikae na huo mguu nimpate mama nimkose mume?

Ni mimi,
Bochaberi, Sindo.


MAMA NYAMHANGA ANAJIBU

Bochaberi mwanangu, pole. Barua yako nimeisomea jikoni na chai yangu ikapoa. Sasa nikishakupa pole, kaa vizuri nikugombeze.

Wewe unashona. Mteja akija kwako na gauni alilovaa kanisani, akacheza nalo harusini, akalipiga pasi na kujaribu kulitia viraka mwenyewe, halafu akasema upindo haukunyooka, chukua gauni lako unishonee lingine, utamjibu nini? Najua utakachomjibu, na mdomo wako naujua kutokana na barua hii. Lakini mteja huyohuyo akisema, "Fundi, upindo huu uliukosea wewe, urekebishe," utanuna, utaguna, na utarekebisha, kwa sababu unajua ni kosa lako. Hapo ndipo haki yako ilipo. Umeipita mbio ukaenda kuitafuta kwenye lori.

Mimi si wakili, lakini nilikaa kwenye ukarani wa mahakama mpaka nywele zikabadilika rangi, na mashauri ya watu walionunua vitu nimeyasikia hadi nikayaota. Huyo Elvis anakwambia mambo ya sura si kitu maadamu mvua haiingii. Ni uongo wenye tabasamu. Mlionyeshwa nyumba ya mfano, ukaipapasa kwa kiganja chako, mkalipia nyumba ya namna ile. Sheria ya kuuziana bidhaa inasema aliyeuza kwa kuonyesha mfano lazima alete kitu kinachofanana na mfano. Ule mfano ulikuwa na mguu ukutani? Ulikuwa na ubao wa maziwa na ubao wa uji? Basi. Kitu kipya kinalipiwa pamoja na sura yake, na anayeuza nyumba kwa uso wake mzuri asije akasema uso si sehemu ya nyumba.

Na ile sahihi ya kwenye boneti isikutishe sana. Mtu hahesabiwi amekipokea kitu kabla hajapata nafasi ya kukikagua, na nafasi gani mliyokuwa nayo, mbao ziko chini ya turubai, manyunyu, na mama mkwe ana moto mkononi? Tena wao walijua. Waliwauzia nyumba ya siku moja kwa sababu ya mila yenu, basi wasijifiche nyuma ya haraka ya mila hiyohiyo.

Lakini sikiliza upande wa pili, maana sitaki ushike hii barua uende ukampigie Gisiri makofi nayo. Umeishi humo. Umepika. Umepaka rangi juu ya kasoro kwa mkono wako. Ukifika mbele ya hakimu leo ukisema nairudisha nyumba nzima, anaweza kukwambia umekwisha kuipokea, mama, na mimi ningekuwa pale kwenye meza yangu nikiandika maneno hayo. Kuirudisha yote kwa sasa ni hisani ya Gisiri, hata kama ameitoa kwa hasira. Kilicho haki yako kamili ni atengeneze alichoharibu, au alipie kitengenezwe, nyumba ikiwa palepale iliposimama.

Umeona sasa? Haki yako na mwiko wa mama mkwe wako havigombani hata kidogo. Wewe ndiye uliyevigombanisha ulipokubali lori kabla ya kumwuliza mwenye mila. Umeolewa kwa watu, umezaa, bado unafanya mapatano ya nyumba sokoni kama mpangaji! Mimi ni Mkuria wa Ntimaru na siwezi kukufundisha ya Wajaluo, lakini hata kwetu, moto ukishawaka ndani ya nyumba, mwenye nyumba ndiye husema itaguswa wapi.

Cephas naye, na najua atalisoma gazeti hili kwenye usukani, ninalo neno lake. Baba Ken, wewe ni mtu mzima unayeendesha lori usiku na mchana, na unaona wivu na akala? Fikiri. Mguu ule ungewezaje kusimama ukutani vidole juu? Ukuta ulikuwa umelazwa chini kwenye karakana, rangi mbichi, fundi mmoja mzembe akavuka juu yake kwenda kuchukua nyundo au chai. Siku ile haikuwa nyumba, ilikuwa mbao. Nyumba ilizaliwa mkeo alipoingia na moto, na wewe ulikuwa hapo. Hakuna aliyekutangulia. Wenzako wanakutania kwa sababu wewe unanuna, ukicheka watatafuta mwingine. Na ukome kumlisha mkeo mgongo wako.

Haya, Bochaberi, kazi. Hii leo mtumie Gisiri ujumbe kwamba lori la kubomoa halitakiwi. Usingoje mwisho wa mwezi, mafundi wakishapanda juu ya paa hutawashusha kwa machozi. Toa kalenda, na usipake tena hata tone moja, kila ukipaka unamsaidia Elvis kusema kasoro ni yako. Mwite mpiga picha wa pale Sindo alasiri, wakati jua linapita dirishani kama ulivyosema, apige unyayo na zile mbao mbili za mbele. Karatasi ya malipo iwe mkononi.

Kisha, kabla ya kupanda gari kwenda Migori, nenda kwa Truphena. Usimweleze, mwulize. Mkae chini, umsaidie kuchambua omena, umwulize hivi: Mama, zamani ukuta wa udongo ukibomoka kipande, mlifanyaje? Atakwambia walikitoa kipande kibovu, wakasuka fito, wakakandika upya, na mwenye nyumba anapika palepale. Mwulize kama huo nao ulikuwa mwiko. Halafu umwambie kwamba unataka kutoa ubao mmoja wa ndani na mmoja wa nje, nguzo zibaki, paa libaki, na moto uwe unawaka tangu fundi anaingia mpaka anatoka. Mimi sitamjibia. Lakini sijaona bado mama aliyekandika nyumba maisha yake yote akakataa ukuta kutiwa kiraka.

Akikubali, nenda kwa Gisiri na Cephas, nyote wawili, mchana, na bila kelele. Kelele umeshazitumia, zimekupatia lori. Mwambie hutaki nyumba nyingine, unataka mbao mbili zinazofanana na mfano, na fundi wa siku moja, kwa gharama yake. Atakubali haraka kuliko unavyodhani, kwa kuwa mbao mbili ni nafuu kuliko nyumba, alisema vile kwa hasira tu. Mrudishie na lile kopo lake. Akigoma, wakili amwandikie barua ya madai yenye picha zako, na akigoma tena, mlango wa hakimu uko wazi, na wenye mashauri madogo kuliko lako nimewaona wakitoka wanacheka. Ubao wenye mguu aondoke nao. Ni mali yake, amtafute mwenye kiatu.

Nimebakiza jambo moja, na hili halimo kwenye sheria yoyote.

Umenitajia nyumba ya mama yako na harufu ya udongo, ukanirudisha Ntimaru. Mama yangu, Bhoke, alikuwa anakandika ukuta wa jikoni kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba mtoto, na karibu na mafiga palikuwa na mahali alipozoea kujishika akiinama kupuliza moto. Vidole vyake vitano vilikuwa vimezama pale. Tulikua tukiviona kila siku, na hatukuviona. Alipokufa kaka zangu walijenga nyumba ya matofali, nzuri, na mimi ndiye niliyesema ile ya zamani ibomolewe, inatia aibu mbele ya wageni. Mwanangu, nimekaa kwenye viti vya serikali na kwenye nyumba za vigae, na hakuna ukuta ninaoutamani kama ule. Ningepata kuweka vidole vyangu kwenye vile vyake hata mara moja, nisingeomba tena kitu.

Kwa hiyo mwambie Gisiri ule ubao wa sebule aulete bila rangi, na rangi yake kando. Ulazeni uani kwenu, juu ya nyasi. Upake wewe, fundi asiuguse. Cephas akitaka kuukanyaga kwa nyuma, upande utakaofichwa, ili roho yake itulie kwamba ametangulia, mwacheni akanyage na msimcheke mbele ya wenzake. Halafu upande wa mbele, rangi ikiwa bado mbichi, pale chini pembeni, mwite Truphena aweke kiganja chake akigandamize.

Kisha ubao upigilieni ukutani. Siku moja mgeni atakaa hapo na chai yake, ataona, atauliza huo ni mkono wa nani. Utamjibu, wala hutatafuta kalenda.